Kwenye kipilefti, nani apite kwanza?

Ndugu, kwenye kipilefti mwenye haki ni yule aliyemo ndani tayari. Wewe unayetaka kuingia unasubiri. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto, magari yaliyomo yatakujia kutoka kulia kwako, kwa hiyo macho yaanzie huko. Ukubwa wa gari hauhesabiki, ingawa madereva wa daladala watakubishia. Ukikaribia kutoka, washa indiketa ya kushoto ili anayesubiri ajue nafasi ipo. Wengi hawawashi, halafu wanalalamikia foleni! Trafiki akisimama katikati, fuata mkono wake hata kama taa ni ya kijani. Gari la wagonjwa au zimamoto likipiga king'ora, lipishe tu.