Ushuru wa galiamu ni asilimia 3 tu, mbona bei imepaa?

Swali: Kampuni yetu hununua galiamu ghafi na kutengeneza visahani vyembamba vya semikondakta. Kwenye jedwali la ushuru la Marekani metali hii inatozwa asilimia 3 tu, lakini bei yake nje ya China imekuwa zaidi ya maradufu ya ile ya ndani. Tofauti hiyo inatoka wapi? Na je, tukiagiza visahani vilivyo tayari badala ya metali, tutapona?

Jibu: Unaangalia forodha ya kuingizia mzigo, ilhali kizuizi kiko kwenye forodha ya kuutolea.

Asilimia 3 ya shehena ya dola 10,000 ni dola 300. Ushuru wa ziada ambao Marekani huzitoza bidhaa za China nao haujibu swali lako, kwa sababu bei imepanda hata Rotterdam, bandari ya Uholanzi, ambako ushuru huo hauhusiki. Kinachoumiza ni leseni. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, kila anayetoa galiamu China lazima aombe kibali na kueleza nani ataitumia na kwa kazi gani. Tarehe 3 Desemba 2024 China ikapiga marufuku kabisa kuiuza Marekani, na ikaonya kwamba hata mfanyabiashara wa nchi ya tatu atakayeipitisha kwa mlango wa nyuma atawajibishwa. Novemba 2025 marufuku hiyo ilisimamishwa hadi tarehe 27 Novemba 2026. Wengi walishangilia wakidhani mambo yamekwisha, ila leseni ipo palepale.

Ushuru unaweza kuuweka kwenye hesabu zako mapema. Leseni ambayo haijatoka huwezi kuipigia hesabu, na hofu hiyo ndiyo wanunuzi wanayoilipia.

Bila shaka utauliza kwa nini wengine wasichangamkie bei hiyo nzuri. Ni kwa sababu hakuna anayechimba galiamu kwa ajili yake yenyewe. Tani moja ya boksiti, yaani mawe yanayotolewa alumini, ina wastani wa gramu 50 hivi, na metali hiyo hukusanywa kutoka kwenye maji ya magadi ya viwanda vya alumina (unga wa kutengenezea alumini), kiasi kingine kikitokana na zinki. Mwenye kiwanda huongeza uzalishaji akifuata bei ya alumini. Mwaka 2024 dunia nzima ilizalisha takribani tani 760 za galiamu ghafi, karibu zote China. Alumini huzalishwa kwa mamilioni ya tani. Kazakhstan iliacha kuzalisha mwaka 2013 na Ujerumani mwaka 2016, si kwa kukosa malighafi bali kwa sababu China iliuza rahisi mno. Mwekezaji wa leo anayakumbuka hayo. Anajua kwamba leseni zikilegezwa, bei inaweza kuporomoka kabla mtambo wake haujalipa deni.

Kuhusu visahani, kwa ushuru peke yake uko sahihi. Vilivyotiwa vichanganyiko kwa matumizi ya elektroniki huingia namba ya forodha ya kimataifa (HS) 3818, ambayo iko ndani ya makubaliano ya bidhaa za teknolojia ya habari chini ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), na wanachama wa makubaliano hayo hawavitozi ushuru. Metali ghafi iko 8112, nje ya makubaliano hayo. Lakini orodha ya China ya mwaka 2023 haikuishia kwenye metali: arsenidi ya galiamu, nitraidi yake na misombo mingine vimo pia. Ukivitoa China, foleni ya leseni ni ileile. Ukivinunua Japani au Ujerumani utakwepa foleni hiyo, ila muuzaji wako naye hutegemea metali ya China, na atakubebesha gharama yake.

Ningekuwa wewe, ningeanza na chakavu. Katika kukuza fuwele, kukata na kusugua, sehemu kubwa ya galiamu huishia kuwa vipande na tope. Tafuta msafishaji mwenye mkataba wa kukurudishia metali, si wa kukulipa fedha. Fedha haitakusaidia siku mzigo usipopatikana.

Na ukiamua kuweka akiba, kumbuka galiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 29.8 na hula alumini, metali inayoundiwa ndege. Kwenye usafiri wa anga inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari, namba ya Umoja wa Mataifa UN 2803, kwa hiyo ulizia nauli na vifungashio kabla ya kutia saini.