Usisaini karatasi yoyote leo

Jumamosi tumemzika rafiki yangu wa shule, wakili, ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Tulivuka na kivuko cha Kamanga mapema, mawakili wenzake wamekunja majoho mapajani yasipeperushwe na upepo, mimi nimekaa kwenye benchi la mwisho najifuta na khanga. Leo siku ya nne, sokoni Mwaloni sijaenda, na kwenye simu nina meseji ya mdada mmoja anayenisomaga hapa, anauliza "dada mbona tunapambana ila koneksheni hatuna, wewe ulizipataje?" Mdogo wangu nakujibu, ila univumilie.

Mimi na marehemu tulisoma wote HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Jina silitaji, familia bado iko msibani. Hakuwa mtoto wa kigogo, mche wake wa sabuni alikuwa anaukata vipande vitatu ufike mwisho wa muhula. Kiswahili nilikuwa namshinda, na alikuwa analisema hilo mpaka mbele za watu akiwa wakili mkubwa, ila historia yeye ndo alikuwa ananifundisha usiku wakati wa prepu. Matokeo yakatoka, yeye akaenda kusoma sheria, mimi nikaolewa nikaanza kuuza dagaa. Hapo katikati tupaache.

2016 mume wangu akafariki. Hata tanga hatujaanua mashemeji wakaja na daftari, kikao cha ukoo kimeshakaa bila mimi, mkubwa wao ndo msimamizi wa mirathi, natakiwa nisaini muhtasari kwamba nimeridhia. Nyumba yenyewe ya Buhongwa, nimebeba tofali zake nikiwa na mimba! Nikaingia chooni na simu nikampigia. Hakuniuliza mbona umepotea wala nini, akasema, "Usisaini karatasi yoyote leo. Waambie kichwa kinauma." Nikatoka nikasema kichwa kinauma, nikakisingizia wiki nzima.

Enzi hizo wakili alikuwa haruhusiwi kumsimamia mtu Mahakama ya Mwanzo, sheria ilikuja kubadilishwa 2021, kwa hiyo ilibidi nijisimamie mwenyewe. Alikuwa anapita kwangu jioni akitoka mahakamani, anakalia ndoo, ananifundisha kama tuko prepu. Akanionyesha ile Sheria ya Mila ya 1963 inayosema mjane hana urithi kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake, nikalia, akasema lia umalize halafu tuendelee. Akanieleza msimamizi siyo mwenye mali, ndani ya miezi 4 anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, baadaye hesabu zake kwenye fomu namba 6, na mahakama inaweza kumuuliza. Akasema risiti za saruji na mabati zitafute hata chini ya godoro. Nilizikuta kwenye kopo la maziwa ya mtoto.

Siku ya shauri alikaa benchi la nyuma kabisa, kimya, na mimi nikaongea mpaka hakimu akaacha kuandika akanitazama. Nyumba ikabaki kwangu na wanangu. Vyumba viwili nikapangisha, hela hiyo ndo ikawa mtaji, leo nina ghala na dagaa wangu wanafika mpaka Kongo, namshukuru Mungu na ninajivunia, sifichi. Yeye ada hakuchukua hata shilingi.

Sasa panaponiuma. Mwaka jana akaanza kuumwa, akalazwa. Mke wake akanipigia, "wifi, anakuulizia." Siku hiyo nilikuwa na gari linapakia mzigo, nikamwambia ntakuja Jumapili. Jumapili nikamwambia kichwa kinauma. Maneno yaleyale aliyonifundisha yeye. Kichwa kilikuwa kizima kabisa, niliogopa kumwona amekonda, na mzigo nao nilikuwa naupenda kuliko nilivyojua. Akaruhusiwa, akarudishwa tena, sikwenda hata mara moja. Na kwenye grupu letu la WhatsApp la shule mchango wa matibabu ulisuasua miezi, ila rambirambi ilijaa kabla ya saa sita mchana. Na mimi nilituma ya kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu unayetafuta koneksheni, acha kuwakimbilia wakubwa kwenye makongamano. Huyo unayekula naye maharage saa hizi, huyo ndiye. Mpigie simu ukiwa huna shida. Narudia, ukiwa huna shida. Na ukiambiwa mtu anakuulizia hospitali, acha gari lipakie lenyewe, nenda, hata ukae dakika tano unamtazama tu. Na nyie wanawake wenzangu mnaojenga na waume zenu, tunzeni risiti, majina yenu yawemo kwenye hati, ongeeni habari za wosia mkiwa wazima, hakuna aliyekufa kwa sababu ametaja wosia! Na siku ya msiba msisaini kitu, hata akija mchungaji na kalamu.

Jana nimevuka tena peke yangu na kiroba cha unga na dagaa. Uani nikakuta wazee wa ukoo wamekaa na daftari, moyo ukanilipuka, nikamvuta mjane jikoni nikamnong'oneza, wifi, usisaini karatasi yoyote leo, waambie kichwa kinauma. Akanishika mkono. Akasema, "Wosia upo, wifi. Aliuandika 2016, alirudi usiku kutoka kwako, hata kula hakula, akakaa mezani akauandika."