Maswali na majibu: hologramu za kompyuta

SWALI: Nimepiga hesabu ya hologramu (mchoro unaopinda nuru ya leza ili ijenge picha) ya birika lililogawanywa katika nukta 10,000. Leza ni ya kijani, nanomita 532. Skrini yangu ya fuwele kioevu ina pikseli 1920 kwa 1080, kila moja mikromita 8. Birika lina upana wa milimita 8, nami nimeliweka milimita 100 kutoka kwenye skrini. Naona mabirika kadhaa yamepandana kingoni. Programu ina kosa gani?

JIBU: Programu haina kosa, umbali ndio mbaya. Kila nukta ya birika huchora kwenye hologramu duara ndani ya duara, na kadiri unavyotoka katikati mistari huzidi kubanana. Mstari mweusi na mweupe wake vinahitaji pikseli 2 angalau. Zikikosekana, skrini huchora duara za uongo, nazo hukusanya nuru mahali pasipo na nukta yoyote.

Kwa vipimo vyako uongo huo unaanza milimita 3.3 kutoka katikati ya kila duara: zidisha urefu wa wimbi kwa umbali, kisha gawanya kwa upana wa pikseli 2. Nakala za birika zinajitokeza kila baada ya milimita 6.65, kwa hiyo birika la milimita 8 halina budi kuparamiana na nakala zake.

Umbali unaofaa unapatikana hivi. Nusu ya upana wa skrini ni milimita 7.68. Ongeza 4, maana nukta ya ukingoni mwa birika iko umbali huo kutoka katikati, upate 11.68. Zidisha kwa mikromita 16, gawanya kwa nanomita 532: jibu ni milimita 351. Nukta iliyo karibu zaidi na skrini iwe 360 hivi. Nakala hazitatoweka, kwa sababu zinatokana na pikseli zenyewe. Zitasogea hadi milimita 24, nawe utaziziba kwa karatasi nyeusi.

Kama meza ni fupi, baki na 100 lakini kila duara uikate kwenye milimita 3.3. Hesabu itakwenda haraka zaidi pia. Ila birika lipunguze liwe chini ya milimita 6, la sivyo umerudi pale pale.

SWALI: Picha yangu imefunikwa na ukungu wa mstatili, mkubwa kama skrini. Nikibadilisha hologramu, wenyewe haubadiliki.

JIBU: Hiyo ni nuru iliyopita bila kuguswa na hologramu. Kwanza zungusha polaraiza (kichujio kinachopitisha nuru inayotikisika upande mmoja) mpaka ukungu upungue kabisa, kwani fuwele hubadilisha fezi, yaani hatua ya wimbi katika mzunguko wake, ya nuru iliyolala upande mmoja tu. Kisha hakikisha ngazi za kijivu 0 hadi 255 zinatoa mzunguko mmoja kamili wa fezi kwa leza hiyo hiyo unayotumia. Jedwali la ngazi hizo lililopimwa kwa leza nyekundu litapita kiasi kwa ya kijani. Ukungu utakaobaki unatoka kwenye nafasi kati ya pikseli, na huo hauondoki kwa programu. Weka lenzi 2 zinazokusanya nuru kwenye umbali wa milimita 150, ya pili milimita 300 baada ya ya kwanza. Katikati yao ukungu hujikusanya kuwa kitone, ilhali nuru ya picha imetawanyika. Kipande cha kioo chenye doa la wino mweusi la nusu milimita kinatosha kukizuia. Usikitafute kwa jicho kwenye mwali; tumia karatasi.

SWALI: Kwa nini mgongo wa birika unaonekana kupitia tumbo lake?

JIBU: Kwa sababu njia ya nukta hujumlisha mawimbi ya nukta zote, haijui kilicho mbele wala nyuma. Futa nukta zilizofichika kabla ya hesabu. Kinadharia ungefanya hivyo upya kwa kila mahali pa jicho, lakini pikseli za mikromita 8 hazipindi nuru zaidi ya digrii 1.9 kila upande. Kufuta mara moja, ukitazama kutoka katikati ya skrini, kunatosha.

SWALI: Madoadoa kama mchanga yanaondokaje?

JIBU: Yanatokana na fezi za bahati nasibu ulizozipa nukta. Piga hesabu ya hologramu 16, kila moja na fezi zake, uzionyeshe mfululizo: ukali wa madoa utashuka hadi robo. Kwa skrini ya picha 60 kwa sekunde, hilo huchukua zaidi ya robo sekunde, kwa hiyo litafaa kamera iliyofunguliwa muda huo. Jicho litaona picha ikichezacheza.