Maswali na majibu: marudio ya uwiano kwenye data chache

Nina namba hizi: 3, 5, 4, 3, 2, 5, 3, 1, 4, 3, 5, 3. Marudio ya uwiano ya 3 nayapataje?

Hesabu 3 imetokea mara ngapi, kisha gawanya kwa idadi ya namba zote. Imetokea mara 5 na namba ziko 12, basi 5 ÷ 12 = 0.417, karibu asilimia 42. Wengi hugawanya kwa 5 kwa kuwa thamani zilizopo ni tano, 1 hadi 5. Sivyo, kigawanyo ni 12. Pitia orodha mara moja tu, ukichora kijiti kwenye mstari wa kila thamani unayokutana nayo. Ukimaliza, vijiti vijumlishe: 1 + 1 + 5 + 2 + 3 = 12. Visipofika 12, kuna namba umeiruka.

Data zangu ni 7, zimegawanyika 3, 2 na 2. Mbona jumla ya desimali inanijia 1.01?

Hujakosea. 3/7 ni 0.4286, ikikadiriwa inakuwa 0.43, 2/7 ni 0.2857, inakuwa 0.29. Zote tatu zimepanda kidogo, na kiasi hicho ndicho kimezidi. Tafadhali usipunguze mojawapo kimyakimya ili mwalimu aone 1. Andika chini ya jedwali kwamba umekadiria, au ziache kama sehemu: 3/7 + 2/7 + 2/7.

Tuliuliza watu 10, wawili hawakujibu. Nigawanye kwa 10 au 8?

Ukiandika "kati ya waliojibu", ni 8. Ukiandika "kati ya walioulizwa", ni 10, na hao wawili wapewe mstari wao.

Nimerusha dadu mara 10, sita imetokea mara 4. Dadu ni mbovu?

Hiyo 0.4 ni kilichotokea. Uwezekano wa sita kwa dadu nzima ni 1/6, karibu 0.167. Pengo linatisha, lakini katika mirusho 10 kila mrusho una uzito wa asilimia 10. Hata dadu isiyo na kasoro hutoa sita nne au zaidi katika takriban majaribio 7 kati ya 100 ya namna hiyo. John Kerrich, mwanahisabati aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067, yaani 0.5067, karibu sana na 0.5 inayotarajiwa, kwa kuwa mirusho ilikuwa mingi. Muda alikuwa nao. Wewe ongeza mirusho 100 kwanza, halafu ukokotoe upya.