Re: Rajasthan ni jangwa tupu?

Ndugu umeuliza kama Rajasthan, lile jimbo la India, ni mchanga na ngamia tu, hapana bana. Jangwa la Thar lipo upande wa magharibi, na mji wa Jaisalmer kuna ngome ya mawe ya njano ya tangu 1156, watu wanaishi humo mpaka leo. Ila usikose Mount Abu, mji wa milimani, iko milima ya Aravalli, kilele cha Guru Shikhar mita 1,722, unashuka treni Abu Road unapanda basi na hewa inaanza kupoa yenyewe. Halafu hapo hapo Mount Abu nenda mahekalu ya Dilwara ya Wajaini (wafuasi wa Ujaini, dini ya kale ya India), la kwanza la 1031, kwa nje ya kawaida sana lakini ndani dari zima ni marumaru iliyochongwa nyembamba kama lesi, aisee simama uangalie juu taratibu. Nenda mchana, asubuhi ni ya waumini, na kamera unaiacha nje.