Unajenga nyumba ya kupangisha Dodoma? Fikiria maji ya moto mapema

Wengi wanaoniomba ushauri wa kujenga nyumba za kupangisha huku Dodoma, iwe Nzuguni, Iyumbu au Ilazo, huanza na bei ya kiwanja na kodi ya mwezi. Mimi huwauliza kwanza: mwezi wa saba mpangaji wako ataoga maji gani?

Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikiingia, usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa huku mnaujua. Wapangaji wengi siku hizi ni watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam. Ndani ya nyumba hawahitaji mashine ya joto. Madirisha yanayofunga sawasawa na blanketi zito vinatosha. Bafuni ndiko shida iliko, na usipowawekea kitu watanunua hita ya kuchovya kwenye ndoo.

Hapo ndipo umeme unapokwenda. Kupasha ndoo ya lita 20 hadi ifae kuogea hula karibu nusu uniti. Familia ya watu wanne, kila mmoja ndoo moja kwa siku, ni kama uniti 60 kwa mwezi, bado pasi na friji. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Sasa waweke wapangaji sita kwenye mita moja ya LUKU! D1 hawaioni tena. Hata dada wa chumba cha mwisho mwenye taa moja na chaja ya simu ananunua kwa bei ya wenye hita, halafu mnashangaa kwa nini kila mwisho wa mwezi kuna kelele uani. Nimesuluhisha ugomvi huo mara nyingi, na sijaona mgawanyo wa michango uliowaridhisha wote. Kila mpangaji awe na LUKU yake. Gharama ya kuunganisha inauma, lakini ilipe tangu mwanzo.

Tena, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Mrudishie mpangaji kwenye kodi yake ya pango, na muiandike kwenye mkataba.

Kwa maji ya moto yenyewe, napendelea hita ya sola juu ya paa. Jua tunalo, hata kwenye baridi, maana miezi hiyo ni ya kiangazi. Ila tanki la maji lazima liwe juu kuliko hita ili maji yashuke yenyewe, kwa hiyo mnara upange kwenye ramani, usisubiri paa liishe. Tanki liwe kubwa, kwa sababu maeneo mengi maji huja kwa mgao. Na maji ya visima vya huku mengi yana chumvi: huacha gamba jeupe ndani ya hita na mabomba, hivyo weka valvu ya kutolea uchafu na umlipe fundi aisafishe kila mwaka.

Ukiamua shawa ya umeme, ya wati 5,000 na kuendelea, usikubali fundi aiunganishe kwenye waya wa soketi. Ivutiwe waya wake wa mm 6 kutoka meinswichi, na breka yake peke yake, na waya wa ardhini upimwe kabla mpangaji hajakabidhiwa funguo.