Maswali ya Wasomaji: Alama za HTML Zinazotoweka Kwenye Mwongozo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninawaandikia wanafunzi wangu mwongozo wa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) utakaosomwa kwenye kivinjari. Niliandika: "Neno la kukolezwa wino liweke kati ya <b> na </b>." Ukurasa ulipofunguka, alama zote mbili zilikuwa zimetoweka, na kiunganishi "na" ndicho kilichokolezwa wino. Nikaizungushia sentensi hiyo <pre>, lakini hali haikubadilika. Nifanyeje?
Mwalimu wa kompyuta, Morogoro

JIBU: Mwalimu, kivinjari chako kimetii ulichokiandika. Kila kinapokuta < ikifuatwa na herufi, huyachukulia yanayofuata kuwa agizo la kutekelezwa, si maandishi ya kusomwa. <pre> haikukusaidia kwa sababu kazi yake ni kuhifadhi nafasi na mpangilio wa mistari kama ulivyouandika, ilhali maagizo yaliyomo ndani yake huendelea kutekelezwa. <Code>, alama ya kutambulisha msimbo, nayo haiyazuii.

Dawa ni kuandika &lt; mahali pa < na &gt; mahali pa >, hivyo <b> utaiandika &lt;b&gt;. Alama ya & yenyewe huandikwa &amp;. Hapa ndipo wengi hukwama: ukizibadilisha alama hizi zote kwa mkupuo, anza na &, kwani ukiiacha hadi mwisho utazibadilisha pia zile & zilizoingizwa na mabadiliko ya awali, na msomaji ataona &lt; pale ulipotaka aone <.

Kwa mwongozo mrefu, mimi ningetumia Markdown, mtindo wa uandishi ulioanzishwa na John Gruber mwaka 2004, ambamo msimbo huwekwa kati ya alama mbili za ` na ubadilishaji hufanywa na programu yenyewe. Humo usiandike &lt; kwa mkono, maana itaonekana vivyo hivyo. Ukitaka kuonyesha alama ya ` ndani ya mfano, zungushia mfano huo alama mbili kila upande badala ya moja.

Tena, usiiandae mifano kwenye programu ya kuandikia barua, kwa kuwa nyingi hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Mwanafunzi atakayenakili mfano wa href (sehemu inayotaja anwani ya kiungo) ulioharibiwa hivyo atapata kiungo kisichofunguka, na atahangaika kulitafuta kosa ambalo kwa macho halionekani kwa urahisi.